Nyumba ya Majina Matano

Gaudensi alikuwa amekwisha kuwaambia watu wote. Aliwaambia kina mama wa kwaya, akamwambia fundi viatu wa pale chini ya ghorofa, akamwambia hata mlinzi wa lango ambaye hawakuwahi kupatana naye tangu atoke Burundi akahamia mtaa huu wa Windsor. Picha yake inaingia kitabuni. Tena si kitabu cha hivi hivi. Kitabu cha shule, cha darasa la tatu, kwenye somo la familia. Watoto wa nchi nzima watafungua ukurasa wamkute yeye, mjane wa Bwiza, Bujumbura, anapeta ndagala, dagaa wa kwao, kwenye ungo na kucheka, wajukuu wake pacha wamekaa mmoja kulia, mmoja kushoto.

"Sasa utatusalimia tena, Mama Gaudensi?" aliuliza Mamie, jirani yake Mkongomani, msusi mwenye mdomo usiofungwa. "Au tutaomba miadi kwa sekretari?"

"Miadi mtaomba," alijibu Gaudensi. "Na mje mmeoga."

Picha ile ilipigwa sebuleni kwake. Kampuni ya vitabu ya Randburg, anakofanya kazi binti yake Belyse, ilitaka picha za familia za kweli, si za watu wa kukodishwa wanaocheka meno tu, wakaombwa wafanyakazi watoe familia zao. Mpiga picha akaja, akawaambia wasijipange. Gaudensi akaendelea na ndagala zake, maana ndizo biashara yake, yeye na unga wa muhogo. Carmel akainamia ungo akitoa uchafu, Claude akasoma kitabu kwa sauti akikosea maneno makusudi ili bibi yake acheke. Ikawa picha.

Na kazi ya Belyse ilikuwa ni hizo hizo picha. Alizitunza. Gaudensi, aliyeishia darasa la sita, alichukua muda kuielewa kazi hiyo, lakini alipoielewa aliitengenezea kitendawili, kama alivyofanya kwa kila kitu alichokipenda.

"Kitendawili!" aliwaambia pacha jioni moja wakimenya viazi.

"Tega!" Neno hilo walilijua vizuri, ingawa Kiswahili kingine kiliwatoka vipande vipande, kimechanganyika na Kizulu na Kiingereza cha shule.

"Nina watoto wengi sandukuni, hawali wala hawalii. Kila mmoja kaandikwa mgongoni anaitwa nani, katoka wapi, na nani kamruhusu kwenda matembezi. Ukimtazama usoni huyaoni hayo. Mguse, atakugeukia."

"Simu!" alisema Claude.

"Kadi za mpira!" alisema Carmel.

"Hamjui. Nipeni mji."

"Chukua Durban!"

"Durban nimekwenda, nimekula samaki, nimelala hotelini kwa raha zangu, nimerudi. Ni picha za mama yenu."

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Belyse alikuwa amemfungulia laptopu akamwonyesha. Picha nyingi zimejipanga kama vigae sakafuni. Ukiibofya moja, upande wa kulia kinafunguka kidirisha cha maelezo: jina la picha, waliomo, mahali ilipopigwa, nani kaipiga, nani katoa ruhusa, ruhusa inakwisha lini. Chini kabisa kuna historia, nani kabadilisha nini na saa ngapi.

"Picha bila maelezo, Mama, haifai kitu," Belyse alisema. "Hujui uiweke wapi, hujui umwombe nani. Na ikiwa na maelezo ya uongo ni afadhali isingekuwepo."

Gaudensi alisoma jina lake kwenye kile kidirisha, herufi kwa herufi: Gaudensi Ndayizeye, bibi. Belyse Irakoze, mama, mtoa ruhusa. Carmel Bukuru, mtoto. Claude Butoyi, mtoto. Uhusiano: familia moja. Akairudisha miwani yake mfukoni, akaenda jikoni kuonja mchuzi ambao haukuhitaji kuonjwa.

Jumanne Belyse alirudi nyumbani akaketi kwenye kiti cha mlangoni, hata viatu hakuvua. Mumewe Pacifique, dereva wa lori la kupeleka samani madukani, alikuwa ameshafika, amekunja mikono ya shati anakuna nazi. Alipomwona mkewe aliweka mbuzi pembeni.

"Wameizuia," Belyse alisema.

"Wamezuia nini?"

"Picha ya Mama. Imekuwa nyekundu."

Gaudensi alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Nyekundu namna gani? Niliipenda ile rangi."

"Si rangi yenyewe, Mama. Ni alama." Belyse alijifuta uso. "Wanasheria wa kampuni wameleta kanuni mpya. Programu inalinganisha jina la ukoo la mtoto na jina la ukoo la mzazi aliyetoa ruhusa. Yasipofanana, picha inapigwa mstari mwekundu, haitoki. Suzan, mkubwa wangu, kaniita ofisini. Kaniuliza, 'Belyse, hii ni familia gani? Watu wanne kwenye maelezo, majina ya ukoo manne.'"

"Na mimi ningekuwepo tungekuwa watano," alisema Pacifique.

"Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamwambia kwetu Burundi kila mtu ana jina lake. Mama ni Ndayizeye, mimi ni Irakoze, mume wangu Hatungimana. Watoto ni Bukuru na Butoyi kwa sababu ni pacha, yule wa kwanza kutoka na yule wa pili. Mtoto hafuati jina la mtu, anapewa lake, lina maana yake. Akanitazama, akasema, 'Sikulaumu. Lakini anaweza kuja mtu yeyote akaokota watoto wa ghorofani kwao akaniambia hayo.'"

Pacifique alikung'uta nazi iliyomganda vidoleni.

"Kwa hiyo anadhani umeokota watoto," Gaudensi alisema polepole.

"Anadhani nimeandika uongo kwenye maelezo. Na uongo kwenye maelezo ni kufukuzwa, Mama, hata kwa mtu aliyeajiriwa kabisa. Mimi bado niko kwenye majaribio. Ijumaa ndiyo wanaamua."

Kitabu nacho kilikuwa kinakwenda kwa wachapaji Ijumaa hiyo hiyo.

Pacifique aliketi chini. "Thabo anasemaje?" Thabo alikuwa mwenzake Belyse wa meza ya pili, kijana wa Soweto mwenye huruma na haraka.

"Thabo anasema, 'Eish, dada, unayo ruhusa ya kuhariri. Waandike wote Irakoze, itageuka kijani, sharp, nani ataangalia?'"

"Waandike basi," alisema Gaudensi.

"Mama!"

"Waandike! Mimi niitwe Irakoze, niitwe Paka, niitwe Sufuria, kazi yako ibaki. Nimeitwa majina mangapi kwenye madirisha ya nchi hii? Pale wanapotoa karatasi za wakimbizi yule kijana aliniandika Gladys, nikaitika. Nilikufa?"

"Subirini kidogo," alisema Pacifique, naye hakumtazama mama mkwe wake usoni, kwa adabu waliyolelewa nayo. "Kwa nini wote wawe Irakoze? Mimi baba yao niko wapi? Kama ni kubandika jina, wawe kina Hatungimana."

"Wewe hata kwenye maelezo haumo!" alisema Belyse.

"Sikuwemo kwa sababu nilikuwa nabeba kabati la watu Sandton!"

"Na mimi," alisema Gaudensi, "ndiye niliyemzaa huyo Irakoze. Kama ni kwa ukubwa, wote ni Ndayizeye."

Wakatazamana, wakacheka wote watatu bila kupenda. Claude akachungulia kutoka chumbani. "Haibo, mnacheka nini?"

"Tunampigia kura mwenye nyumba," Belyse alimwambia. "Rudi kwenye hesabu zako."

Kisha kicheko kikamwisha. "Siandiki, Mama. Historia ya picha inabaki. Miaka mingi mtu atafungua aone: Belyse Irakoze, siku fulani, alifuta majina ya watoto wake. Na mimi ndiye ninayewakemea wenzangu wasijaze vitu vya kubuni."

Gaudensi alirudi jikoni. Alimkasirikia mwanawe kuliko alivyomkasirikia Suzan. Kazi ile ilitafutwa kwa miaka. Kabla yake Belyse alikuwa akifuta meza kwenye mgahawa wa Braamfontein, akisoma usiku, na Gaudensi alikuwa amemwombea kazi hii kwa magoti. Leo inaning'inia, mwenyewe anashika majina.

Jumatano asubuhi simu iliita Gaudensi yuko peke yake, amezungukwa na vikombe vya kupimia unga. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya Kiingereza safi, ya upole. Alisema anaitwa Suzan, na anahakikisha tu maelezo machache.

Gaudensi alifuta mikono kwenye kitenge, akaketi wima kana kwamba anaonekana. Hapa, alijiambia, ndipo atakapomsaidia mwanawe. Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni lakini kilimfikisha popote alipotaka.

"Claude ni nani kwako, Mama?"

"Ah, Claude!" Gaudensi alicheka kwa furaha. "Huyo ni mume wangu."

Suzan akalirudia neno hilo.

"Mume wako."

"Mume kabisa. Mtundu, lakini ananipenda."

"Na Carmel?"

"Carmel ni mke mwenzangu. Tunagombania bwana mmoja. Ananionea wivu, huyo!"

Alisikia vidole vikiandika, tap tap tap, akafurahi zaidi. Bibi gani asiyemwita mjukuu wake mume? Tangu Claude akiwa kwenye kanga anaitwa bwana, anaulizwa ataleta nyama lini. Kwa Gaudensi hakukuwa na namna iliyo wazi zaidi ya kusema kwamba mtoto ni wa damu yake, maana mtoto wa jirani humwiti mume, utagombana na mama yake. Akaongeza, ili mambo yakamilike, kwamba mahari yake bado hayajalipwa.

Jioni Belyse aliingia, safari hii akasimama katikati ya chumba.

"Mama. Ulimwambia nini Suzan?"

Gaudensi alieleza, kwa fahari. Alipofika kwenye mke mwenza, Pacifique alikuwa ameshauficha uso kwenye mto wa kochi, mabega yanamtikisika. Mamie, aliyekuja kuazima kitunguu, alicheka mpaka akatoa machozi. "Mungu wangu, Mama Gaudensi! Umejiozesha kwa mtoto wa miaka minane, na Mzungu wa sheria anaandika!"

"Si Mzungu, ni Mxhosa," alisema Belyse. Yeye hakucheka. "Ameyaandika kwenye maelezo ya picha, Mama, sehemu ya maoni. 'Mtu mzima aliyemo pichani anadai mvulana ni mume wake na msichana ni mke mwenza. Uhusiano haujathibitishwa. Mfanyakazi aitwe.' Nimeifungua mwenyewe, wenzangu wote wameisoma. Maoni hayafutiki."

Kicheko cha Pacifique kikakatika. Mamie akashika kitunguu chake akaondoka taratibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Anataka sote twende kesho," Belyse alisema. "Wewe na watoto. Na vyeti vyao vya kuzaliwa."

Gaudensi aliketi. Alikuwa amezoea kuwa mtu wa maneno. Maneno yalimlisha, yalimuuzia ndagala, yalimpatanisha na majirani. Leo yamekwenda kumchongea mwanawe.

"Nisamehe," alisema.

"Hukukosa, Mama. Ulimjibu ukweli wa kwetu." Belyse akamshika bega. "Ila kesho, tafadhali, usiolewe na mtu."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, mbele ya roboti, taa kubwa za barabarani za Randburg, baridi ya mashine inapuliza shingoni. Gaudensi alivaa imvutano zake za kitambaa cha rangi ya chungwa, nguo ambazo huvaa harusini, akazifunga vizuri begani. Mapokezi walimpa kadi ya kuning'iniza yenye neno moja, Mgeni. Watoto nao wakapewa.

Suzan alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ina mnyororo, macho yake yamechoka. Hakuwa mkali. Hilo lilimsumbua Gaudensi, maana alikuwa amejiandaa kwa mtu mkali. Alisema angependa kuzungumza na watoto mmoja mmoja, kidogo tu. Akaingia na Claude kwenye chumba cha vioo, kisha na Carmel.

Gaudensi aliketi nje akiwaona midomo inacheza bila kuwasikia. Aliona Claude akinyoosha mikono kuonyesha ukubwa wa kitu fulani, labda ungo. Aliona Carmel akijibu kidogo, amekaza magoti. Watu walipita na vikombe vya kahawa wakatazama, wakajifanya hawatazami. Walikuwa wamesoma yale maoni, alijua. Mmoja aliminya mdomo kuzuia cheko.

Carmel alitoka akaja kusimama karibu naye. "Bibi," alinong'ona kwa Kiswahili, ambacho hakukitumia mbele ya wageni, "ameniuliza kama nakujua."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia unakoroma."

Gaudensi alimkumbatia, akauminya ule mkono mdogo mpaka mtoto akalalamika.

Wakaitwa wote ndani. Ukutani kulikuwa na skrini kubwa, na humo Gaudensi akajiona, mkubwa kuliko alivyowahi kujiona, kacheka, na mstari mwekundu umempita juu ya kilemba. Upande wa kulia kilikuwepo kile kidirisha cha maelezo. Suzan aliviangalia vyeti vya kuzaliwa, akavigeuza, akaangalia tena. Kijana Thabo alikuwa pembeni kwenye kompyuta, ameitwa kwa sababu ndiye anayejua kanuni zilivyopangwa.

"Nawaamini," Suzan alisema hatimaye, na Belyse akawa anamfasiria mama yake. "Watoto ni wako, Belyse, na huyu ni mama yako. Yale ya mume, mwanangu mwenyewe bibi yake alimwita hivyo, ningepaswa kuelewa. Nilikuwa nasoma orodha ya maswali, sikuwa namsikiliza mtu. Samahani, Mama."

Gaudensi aliinamisha kichwa kidogo.

"Lakini programu haisomi vyeti. Inasoma visanduku. Wanasheria hawatabadilisha kanuni kabla ya kesho, na kesho kitabu kinaondoka." Akasukuma karatasi mezani na kalamu juu yake. "Kuna njia moja. Picha za waigizaji hazilinganishwi majina. Mama akitia sahihi hapa, tunabadilisha uhusiano, picha inakuwa kijani leo hii. Inaingia kitabuni. Na mimi naandika ripoti yako ya majaribio, Belyse, naandika kwamba tatizo limekwisha."

"Hapa pameandikwa nini?" Gaudensi aliuliza, kidole juu ya mstari.

Belyse angeweza kusema ni ruhusa tu. Angeweza kusema ni mambo ya ofisi. Gaudensi alimwona akivuta pumzi.

"Pameandikwa: 'Nathibitisha kwamba mimi na watoto waliomo pichani hatuna undugu.'"

Claude alikuwa akizunguka kwenye kiti cha ofisi. Kiti kikasimama.

Gaudensi aliichukua kalamu. Juzi alikuwa tayari kuitwa Sufuria, na sahihi ni wino tu, mtoto haondoki tumboni kwa wino. Nje kuna kodi ya nyumba, kuna sare za shule, kuna mgahawa wa Braamfontein unaosubiri mtu wa kufuta meza. Akamtazama mwanawe.

"Wewe unasemaje?"

"Mimi siwezi kuliandika hilo kwenye maelezo yako, Mama," Belyse alisema. "Ukitia sahihi, itabidi aliandike mwingine. Lakini jina ni lako. Sikulazimishi."

Halikuwa jibu la mtu anayelia. Alisema wima, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama zamani kusema shairi la shule, na Gaudensi akaona kwamba binti yake ameshaamua kuipoteza kazi, ameshaipoteza tangu Jumanne, na hata hivyo kesho yake alikwenda kazini akapanga picha za watu wengine vizuri. Hasira yote aliyokuwa nayo ikamyeyuka. Mtu huyu, alifikiri, nimemzaa mimi?

Akaiweka kalamu mezani, taratibu, isibingirike.

"Mwambie mkubwa wako asante. Mwambie picha waitoe kitabuni. Mimi undugu na hawa ninao."

Belyse akafasiri. Suzan akavua miwani ikamning'inia kifuani.

"Basi naomba nioneshe kitu kimoja," Belyse alisema, "halafu niandikie ripoti unayoona inafaa. Thabo, chuja zilizozuiliwa zote, tafadhali. Si yetu peke yake."

Thabo alisita, akabofya. Skrini ikajaa. Picha kwa picha, safu kwa safu, kila moja na mstari wake mwekundu. Mzee wa Kisomali na binti yake mwenye gauni la mahafali. Mama wa Kongo na watoto ngazi kwa ngazi. Baba wa Ethiopia na mtoto mabegani. Na kina Dlamini na kina Mokoena, watu wa hapa hapa, watoto wanaobeba jina la upande wa mama.

"Ile," alisema Carmel, akanyoosha kidole, akamwita Thabo mjomba kwa Kizulu. "Ile si wewe, malume?"

Ilikuwa ya Thabo. Amembeba msichana mchanga, kamwekea kofia yake kubwa. Mstari umepita juu ya wote wawili.

"Ni binti yangu," Thabo alisema bila kumtazama mtu. "Mahari ya lobola sijamaliza. Anatumia jina la kwa mama yake." Akajaribu kucheka. "Niliiona nyekundu wiki iliyopita, nikasema basi, nitaifuta tu."

Suzan aliinuka, akaisogelea skrini, akapita safu moja baada ya nyingine, midomo inacheza kama anayesoma majina moyoni.

"Nimetengeneza kisanduku kwenye sehemu ya programu ya kujaribia," Belyse alisema kwa sauti ya kazi. "Badala ya kulinganisha jina la ukoo, kinauliza: huyu ni nani kwako, na nani anathibitisha. Cheti kinaambatanishwa hapo hapo kwenye maelezo. Hakigusi jina la mtu yeyote."

"Nitakipeleka juu," Suzan alisema. "Siahidi kitu. Na kwa kitabu cha kesho hakitawahi."

"Najua."

Walipotoka, Gaudensi alivua ile kadi ya Mgeni akamrudishia msichana wa mapokezi. Thabo aliwasindikiza mpaka kwenye lifti. "Gogo," alimwambia Gaudensi, yaani bibi kwa Kizulu, akamshikia mlango.

Ijumaa kitabu kiliondoka. Kwenye somo la familia waliwekwa watu wa kukodishwa, baba, mama, na watoto wawili wenye meno, jina la ukoo moja.

Jioni hiyo Belyse alirudi akavua viatu, akavipanga. Pacifique alikuwa amesimama. Gaudensi alikuwa ameketi, maana aliona ni heri kupokea habari akiwa ameketi.

"Nimeajiriwa," Belyse alisema.

Pacifique alimwinua akagonga taa. Pacha wakaruka juu ya kochi. Gaudensi hakuinuka bado.

"Na Suzan kaandika nini?"

"Kaandika kwamba nilikataa kuingiza taarifa za uongo nilipoombwa na mkubwa wangu." Belyse alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Ameandika 'alipoombwa na mimi.' Ameweka jina lake. Kisanduku wamekikubali, Mama. Jumatatu naanza kuzifungua zile picha, moja moja, nawapigia watu simu niwaulize huyu ni nani kwako."

"Zote?"

"Zote. Ni nyingi."

Hapo ndipo Gaudensi alipoinuka.

Lakini Jumapili ilibidi akawakabili wale aliowaambia. Baada ya ibada walimngoja uani, kina mama wa kwaya wote, Mamie mbele yao na mkoba wake wa nywele za bandia.

"Haya, Mama Gaudensi! Kitabu kiko wapi? Tulete kalamu utusainie?"

Pacifique, aliyekuwa nyuma na watoto, alitazama chini. Belyse akafungua mdomo amsaidie mama yake, lakini Gaudensi alimpa ishara ya mkono anyamaze.

"Kitabuni simo," alisema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye maegesho. "Walinitaka niseme hawa watoto si wangu, nikawaambia nitoeni."

"Eeh!" walisema kina mama.

"Waliowekwa ni watu wazuri, wana meno. Mkiwaona wasalimieni." Akamvuta Belyse kwa kiwiko mpaka katikati ya duara, ingawa binti alikuwa anarudi nyuma kwa haya. "Lakini huyu mnamwona? Huyu amebaki kazini na majina yetu yote mkononi, hakudondosha hata moja. Kuanzia kesho anawafungulia watu waliofungiwa, na wa kwenu wamo. Mamie, weka mkoba chini, mpe mkono. Anaitwa Belyse Irakoze. Ni mwanangu."

Mamie akaweka mkoba chini.